Siku Bibi Alipoongea na Kalemie kwa Redio

Harufu ya risasi ya kulehemu ikiyeyuka juu ya nyaya, imechanganyika na ya dagaa walioanikwa nje: hicho ndicho kiangazi ninachokikumbuka nyumbani kwetu Bangwe, ufukweni mwa ziwa. Baba alikuwa fundi redio mwenye leseni ya kurusha sauti yake hewani, kwa mapenzi tu. Mdogo wake, baba mdogo Nehemia, alikuwa nayo pia huko Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Simu zilikuwa bado hazijatufikia. Wafanyabiashara wa maboti walisema Nehemia ni mzima, lakini bibi, mama yao, hakuwaamini hata kidogo. Alikuwa ameshaanza kumlilia kama marehemu. "Mtu aliye hai ana sauti," alisema. "Nileteeni sauti yake."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Baba akaamua kujaribu SSB kwenye masafa ya VHF, namna ya kurusha inayotia nguvu yote kwenye sauti yenyewe, ikafika mbali kuliko redio koli za kawaida. Mwanzoni alikosea: antena aliisimamisha wima kama zile za maboti bandarini, tukaambulia mvumo mtupu. Nehemia akatuma ujumbe kwa boti kwamba yake ameilaza, na sisi tuilaze, maana antena zisipolingana hazisikilizani. Tukailaza. Jioni hiyo ikatoka sauti ya bata. Loo, tulicheka! Bibi akasonya: "Huyo ndiye mwanangu?" Baba akazungusha nobu ya masafa polepole mno, bata akawa mtu, anaita namba za kituo chetu.

Bibi alipewa maiki, akaonyeshwa pa kubonyeza. Akabonyeza, akanyamaza. Kwetu Waha mtoto ndiye humwamkia mzazi, naye alikuwa anangoja shikamoo yake. Kumbe SSB, usiposema, hairushi kitu! Kule Kalemie Nehemia hakusikia hata mkwaruzo, na kwa kuwa bibi alikuwa amebana kile kitufe, sisi nasi hatukumsikia. Alipokiachia tukamkuta Nehemia anasema, "Naona mmepotea. Betri inaisha, nazima." Niliogopa sana, maana bibi asingekubali kujaribu tena. Baba, ambaye hakuwahi kumpandishia mama yake sauti, akafoka: "Anza wewe, mama! Ukubwa ni jalala!" Bibi akabonyeza tena. "Mwana wanje," alisema kwa Kiha, mwanangu, kisha akaongeza, "shikamoo." Alipoachia tulisikia kilio. "Mama, usiniamkie hivyo, utanitia laana!" Bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka, na tangu siku hiyo hakumlilia tena.

Siku hizi simu zimejaa kwetu mpaka Mwandiga, na kuvuka ziwa ni kugusa kioo tu. Lakini wapo ndugu wanaokaa mwaka mzima bila kuongea, mdogo anaona haya, mkubwa anangoja aheshimiwe. Mimi nina kijana wangu Dodoma, mtu wa kimya kirefu. Majirani wananishauri nisijishushe, eti atanitafuta akinikumbuka. Weee! Nampigia mimi.