Pamba Nyeupe Niliyoiita Fifi

Msimu wa pamba uliopita baba alininyang'anya kazi ya kuchambua, na hakukosea.

Nyumbani kwetu, upande wa Mwamapalala, pamba humwagwa kwenye turubai. Unatoa majani makavu na takataka, nyeupe unaiweka upande wa safi, iliyochafuka upande wa fifi, ambayo bei yake ni ndogo. Nilikabidhiwa mimi kwa sababu nina jicho kali. Hakuna aliyejua kwamba jicho hilo halijui kuacha. Nikimaliza rundo la safi nalirudia, huenda kuna doa nimeliruka, na moyo unakwenda mbio kama nimeua mtu. Kila nikirudia, safi inapungua na fifi inaongezeka.

"Huyu ukimpa mawingu atayachambua nayo," alisema wifi yangu, mke wa kaka. Watu wakacheka. Nikacheka nao, nikaendelea.

Kwenye kituo cha kununulia pamba, karani wa mizani alifungua gunia letu la fifi akaita wenzake. "Njooni muone! Fifi ya mzee huyu ni nyeupe kuliko safi yenu!" Baba alirudi hamwangalii mtu. "Mayu," aliniambia, yaani mama kwa Kisukuma, kama anavyoniita tangu nikiwa mdogo, "umenifanya mjinga mbele za watu." Pamba iliyobaki akampa wifi.

Nilitaka kitu kimoja tu: anirudishie kazi kabla kituo hakijafunga ununuzi. Ndiyo maana nilikwenda Bariadi mjini kutafuta ushauri nasaha.

Nikiri hapa kwamba sijasomea chochote baada ya kidato cha nne. Ninayoyajua kuhusu nafsi ya mtu nimeyasoma kwenye simu. Daftarini nilikuwa nimechora jedwali, ushauri nasaha kushoto, tiba ya kisaikolojia kulia. Muda mfupi, muda mrefu. Jambo la sasa, jambo lenye mizizi. Nililijua kwa kichwa, ila sikuwa nimeelewa. Kwangu ushauri ulikuwa wa watu wenye akili timamu, na tiba ilikuwa ya walioshindikana.

Mshauri alikuwa muuguzi, mama mpole. Alinisikiliza, akaniuliza nataka kubadilisha nini, tukapanga pamoja. Nianze na mchele wa nyumbani: ungo mmoja, niuangalie mara moja, nipike. Nilale mapema. Nitafute siku ya kuzungumza na baba. Ulikuwa mpango mzuri, na bado nausema hivyo.

Baada ya wiki tatu nilimpelekea daftari. Kila siku ilikuwa na alama ya vema. Aliligeuza ukurasa kwa ukurasa, hakunisifu.

"Huu mpango umeuandika mara ngapi?"

"Mara nne. Ule wa kwanza mistari ilipinda."

"Na siku ukichelewa kulala?"

"Naanza wiki upya."

Akalifunga. "Mwanangu, mimi namsaidia mtu mwenye jambo mkononi, tunaliangalia, anaamua. Wewe kuamua unajua. Hofu ndiyo inayokuendesha, na mpango wangu umeipa kazi nyingine. Hapo panahitaji tiba, na tiba ina mtu aliyeisomea."

Nilisikia neno moja tu: umeshindikana. Nililia njia nzima kurudi.

Hata hivyo nilikwenda. Mwanasaikolojia aliyenielekeza kwake alikuwa akija Bariadi kila Alhamisi. Nilikaa mbele yake na kalamu tayari. Hakusema kitu cha kuandika. Aliuliza ninaogopa nini hasa nikiliacha doa, kisha akasubiri. Nikajibu vizuri, kama mtihani. Akauliza tena lile lile.

Nyumbani wifi alinisubiri. "Haya, daktari amekushauri nini?"

"Hajanishauri."

"Saa nzima?"

"Ameniuliza."

"Si ungebaki hapa nikuulize mimi, tena bila nauli!"

Wiki ya tatu mwanasaikolojia aliniambia nije na pamba kwenye mfuko. Aliimwaga mezani, akachomeka kipande cha jani kavu katikati ya nyeupe, akaniomba nisikiguse. Nilikalia mikono yangu. Jasho lilinitoka, nikamwambia yeye ni mkatili. Alikubali kwamba inauma, na jani hakulitoa. Nilichosema baadaye hakikuhusu pamba. Nilisema nikikosea baba hatanitaka. Sikujua kwamba nalijua hilo.

Hapo jedwali langu lilipata maana. Mama yule muuguzi alinisaidia na cha kufanya. Huyu alikuwa anakaa nami pale nisipoweza kufanya lolote. Sikuwa nimepandishwa daraja wala kushushwa.

Ila tiba haijui tarehe ya kufunga kituo. Siku chache kabla ununuzi haujaisha nilimfuata baba akifunga magunia. "Baba, naomba rundo la mwisho. Nitapitia mara moja tu."

Aliniangalia kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonichoma.

"Pumzika kwanza, mayu."

Wifi alilichambua asubuhi ile, upesi, akipiga soga. Nilikaa jikoni mpaka gari lilipoondoka na pamba.

Alhamisi nilimweleza mwanasaikolojia. Nilisubiri aniambie niseme nini kwa baba, na nusu yangu ilimchukia kwa kutosema. Aliuliza nilisikia nini mwilini baba aliposema pumzika. Nilifungua mdomo kumpa jibu zuri, halikuja. Nikamwambia sijui. Akaniachia hapo, nami kwa mara ya kwanza sikulirekebisha jibu langu.