Picha Iliyojaza Ghala la Bondeni

Senema ilipokuwa bado ngeni Mombasa, nilikuwa bawabu wa ghala moja la Bondeni, ambamo Mhindi mmoja alionyesha picha zake kila alasiri, madirisha yakiwa yamefungwa. Picha aliyojivunia ilikuwa imepewa nishani Ulaya, lakini watu hawakuitaka. Walipenda ile fupi aliyoipiga mwenyewe sokoni kwetu: watu wakipita, na mbele yao mzee mwenye kanzu akienda zake, katupa kisogo.

Siku ya kwanza mwanamke mmoja alipiga ukelele. "Yule ni mume wangu! Tumemzika mwezi wa Rajabu!"

Habari zikaenea, ghala likafurika. Kila mtu alikuja kumtafuta marehemu wake. Ile ya nishani ikawa inaonyeshwa kwa mabenchi matupu.

Mjane yule hakukosa hata siku moja. Siku ya mwisho alitoka akitabasamu.

"Leo amenigeukia, mwanangu. Ameniita."

"Inshallah kheri, mama," nilimjibu, nikafunga mlango. Picha ile niliijua yote kwa moyo, na siku hiyo nami nilimwona mzee akigeuka.