Matawi ya Krismasi ya Kapsoit

Umande haujakauka na Omosa yuko nje ya nyumba yake huko Kapsoit, anatandaza shuka jeupe chini ya fensi yake ya miti ya saipras. Anashika tawi na kulitikisa. Vijidudu vya hudhurungi vinaanguka na kuanza kutambaa. Analikunja shuka upesi, majirani wasione.

Kwa miaka 15 Omosa amekuwa akikata fensi za watu. Tangu chawa hawa wa miti waingie nchini, huitwa pia kuwasaka.

"Usingoje fensi ikauke," anasema. "Ukiona sisimizi wanapanda, wanafuata majimaji matamu yanayotolewa na chawa. Tikisa uone." Matawi yaliyoshambuliwa huyakata na kuyachoma, mengine huyaosha kwa maji ya sabuni.

Ukikaa naye kidogo, mazungumzo yanarudi kwa Onsongo. Walitoka Kisii pamoja, wakajifunza kazi kwa mkasi mmoja. Leo Onsongo ana wateja 26, yeye tisa. Kila Desemba kanisa huchagua fensi moja nzuri, likakata matawi ya kupamba madhabahu, na baada ya ibada waumini huenda nayo nyumbani. Kwa miaka minne fensi hiyo imekuwa ya Onsongo.

"Namuonea wivu, sitakudanganya," anasema Omosa. "Nikipita kwake hata chai inanikwama."

Mwaka huu, 1994, hatimaye kanisa limemchagua yeye. Na leo ndiyo siku ya kukata.

Drusilla Cherotich, kiongozi wa akina mama wa kanisa, anafika na wenzake, panga mkononi. Omosa angeweza kuwaacha wakate tu. Anatazama shuka, anatazama panga, kisha analikunjua shuka.

"Mama, msikate hapa. Mtapeleka chawa kila boma."

"Pole, Omosa. Basi twende kwa Onsongo, na wewe utupimie."

Kwa Onsongo, Omosa anatandaza shuka lingine na kutikisa. Hakuna kitu. Anahamia tawi la pili, kisha la tatu, kwa nguvu zaidi.

"Umetosheka, ndugu yangu?" anauliza Onsongo.

"Bado kidogo."

Shuka linabaki jeupe, na roho inamuuma waziwazi. Akina mama wanakata, Drusilla anampa Omosa naye tawi moja.

"Nitakata, nitachoma, nitaosha," anasema Omosa akirudi kwake. "Krismasi ijayo watakuja kwangu. Wasipokuja kwangu, basi hata kwake wasiende."

Langoni pake anasimama, anatandaza shuka chini, na kulitikisa tawi la Onsongo mara ya mwisho, akitafuta hata chawa mmoja.