Chakula cha Mabuu

Kazi yangu ilikuwa kutikisa matawi msituni. Madam, mwalimu wa chuo kikuu anayechunguza wadudu, alitandaza shuka jeupe chini ya kichaka, mimi nikatikisa, na mbawakawa wakaanguka kama punje. Kutoka mtaa wetu wa Mashimoni, Nairobi, unauona msitu huo wa hifadhi, lakini sikujua una wadudu wengi hivyo wa kula majani: wa kijani kinachong'aa kama bati jipya, wa rangi ya kutu, wenye madoa, wengine wadogo kama mbegu ya sukuma. Kila aina ina jani lake. Ukimpa lingine anakaa tu na njaa.

Ijumaa moja tulipata mabuu kwenye managu ya mwituni, mnavu ule ule unaoliwa kama mboga. Buu ni mtoto wa mbawakawa kabla hajaota mabawa. Hawa walikuwa wamebeba mavi yao wenyewe mgongoni, kama koti. Madam hakujua watakuwa mbawakawa gani wakikua. Alikuwa anasafiri, na bila yeye askari wa msitu hawaniruhusu kuingia, kwa hivyo akanipa niwalee nyumbani ndani ya bakuli, pamoja na fungu la majani yao.

"Nikiwakuta hai Jumatatu, utanilelea na wengine," alisema. "Wakifa, itabidi nitafute mtu mwingine."

Nilitaka sana kazi hiyo. Msituni hakuna anayekulazimisha kuongea.

Majani niliyaweka kwenye beseni la maji yasinyauke. Shangazi ninayeishi naye anauza mboga za kienyeji. Zisizonunuliwa huwekwa kwenye beseni hilo, na mboga ya beseni ndiyo ya jioni, miaka yote. Jumamosi nilirudi kutoka kuteka maji nikakuta ameshaanza kula ugali kwa mboga.

"Anti, hii mboga umetoa wapi?"

"Kwa beseni. Si ni yetu?"

"Ilikuwa ya wadudu."

Akaacha kutafuna. "Wadudu gani hao wanawekewa mboga?"

Nikamwonyesha bakuli. Aliinama akawatazama mabuu na makoti yao. "Hawa ndio wananinyima mboga? Si wangeoga kwanza!" Alicheka peke yake, mpaka alipoona uso wangu.

Asubuhi alinipa managu safi kabisa, ya kuuza. Mabuu waliyapanda, wakashuka bila kula. Kufikia saa nne wawili walikuwa wamelala chali.

"Hayo yamepigwa dawa," shangazi alisema. "Enda soko la Kawangware, pale Kongo. Kuna mama anapanda yake nyuma ya nyumba. Kastoma wake hutafuta majani yenye matundu ya wadudu, ndio wajue hakuna dawa."

Nilitembea. Miguu ilikuwa bado inauma kwa kazi ya wiki. Huyo mama nilimkuta ameketi nyuma ya rundo lake, lakini nilisimama kando mpaka kastoma wote wakaondoka, ndipo nikafungua mdomo.

"Nataka yenye matundu."

"Matundu ngapi, kijana? Nikuhesabie?" Wauzaji wa karibu wakacheka.

"Mengi. Ni ya mabuu."

"Woi! Siku hizi hata mabuu wanatuma watu soko!" Lakini alichagua jani moja moja, akiliinua juani kabla ya kufunga.

Nyumbani niliyatandaza ndani ya bakuli, nikakaa sakafuni. Sikuwa na nguvu ya kuvua viatu. Buu mmoja akapanda hadi ukingo wa tundu la zamani, akasimama, halafu akaanza kulipanua.

Jumatatu Madam alikuta baadhi wamekufa na wengine wanakula. Nilimweleza yote nikitazama chini, hata beseni, hata ugali.

"Shangazi alisema yalikuwa na ladha gani?"

"Machungu kuliko ya soko."

Akacheka, akafunika bakuli. "Alhamisi tunarudi msituni kutafuta wengine wa kulea. Lakini wewe utafute beseni lako."

"Sawa," nikasema. Nilitaka kufurahi, lakini kwanza nilitaka kulala.