Karibu Mbili Kifuani

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Sindo kando ya ziwa, sikuulizwa kama najua kupika. Niligeuzwa. Mama Hoteli, mwenye kibanda cha samaki karibu na soko, alinishika bega, akanizungusha polepole kama mtu anayechagua kuku, kisha akaguna.

"Pamela, nyathina," alisema, maana aliita kila msichana mtoto wake, "wewe umekonda hivi, mteja akikuona mlangoni atasema nini? Atasema hata wafanyakazi hapa wanalala njaa. Enda nyuma uoshe sufuria."

Ninyi mnaoingia kazi hii leo mkitoka chuoni, mnajua kukunja vitambaa vya meza mpaka vinafanana na maua. Haya, hongera. Lakini kwetu hoteli ilikuwa mahali pa kula, si pa kulala, na ilikuwa na mbele na nyuma. Mbele ni mezani: unamtajia mteja vyakula vyote kwa mdomo bila kupumua, unapaza oda hadi jikoni, na akishiba anakuachia kitu kidogo "cha soda". Nyuma ni moshi, magamba ya samaki na masizi ya sufuria. Mshahara wa mbele na wa nyuma haukuwa ndugu hata kidogo.

Huko nyuma nilijifunza kazi yenyewe. Nilijifunza kupara ngege, samaki wa ziwani wa saizi ya sahani, bila kumchana, na kupika wet fry, yaani samaki aliyekaangwa kisha akarudishwa kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu mpaka ulainike mgongo. Wateja walilamba vidole, wakamsifu msichana wa mbele, mnene, aliyewapelekea tu sahani! Mimi nilisikia sifa zangu kupitia dirisha la jikoni.

Mama Hoteli hakuwa mbaya, lakini. Kila jioni aliniwekea kichwa cha mbuta, yule samaki mkubwa, na ugali wa kutosha watu wawili. "Kula," ananiambia. "Hiyo pia ni kazi." Nikala. Jamani, nilikula! Miaka ile kule ziwani mtu akikonda watu walianza kunong'ona kuhusu ugonjwa, kwa hiyo nilikula kwa bidii ya mtu anayejitetea. Mwishowe mama mmoja wa kwetu alikutana nami sokoni akapiga kelele, "Isechwe!" Maana yake, umenenepa, na kwetu hizo ni pongezi. Nilitembea nimeinua shingo hadi kazini.

Wiki ileile Mama Hoteli alinitoa nyuma. "Simama hapo mlangoni," akasema. "Sasa wewe ndio kibao yangu ya kuita wateja." Mshahara ukapanda. Mapishi yalikuwa yaleyale na mikono ileile. Nilichoongeza ni mashavu tu, na nikacheka njia nzima nikirudi nyumbani.

Mama Hoteli alipozeeka akafunga, nikaenda Migori mjini, kwenye hoteli kubwa yenye vigae sakafuni. Nilihudumu mbele miaka mingi kwa raha zangu. Halafu akaja Meneja mpya, kijana mwembamba, viatu vinameta, anatembea kama anachelewa ndege. Akaleta sare za rangi ya machungwa, zote saizi moja, na kifuani zimedariziwa neno KARIBU. Yangu ilikwama mabegani.

Meneja akanitazama juu mpaka chini. "Mama Pamela, na hiyo mwili utapita kati ya meza namna gani? Hoteli ya kisasa inataka watu slim. Kuanzia Jumatatu uko nyuma, na mshahara ni ya nyuma."

Weee! Niliwaka. Mwili huu nilikuwa nimeambiwa niutafute, nikautafuta kichwa cha mbuta baada ya kichwa cha mbuta, leo naambiwa niurudishe? Na haikuwa hasira tupu. Binti yangu Achieng' alikuwa sekondari Homa Bay, na mshahara wa nyuma usingemaliza karo ya hata muhula mmoja. Nikiosha sufuria, yeye anarudi nyumbani.

Nikaenda stoo, nikaomba sare mbili. Mtunza stoo alidhani moja ni ya kubadilisha. Jumapili baada ya misa nikazifumua pembeni, nikaunganisha vifua viwili kuwa kimoja, nikapiga pasi. Jumatatu sikwenda nyuma. Nilitokea mbele na sinia, na kifuani nimeandikwa KARIBU KARIBU.

Mchimba dhahabu mmoja kutoka Macalder alisoma kwa sauti. Meza nzima ikaangua kicheko. "Sasa huyu ndiye anakaribisha watu kama nyumbani!" akasema. "Hawa wengine wanakaribisha mara moja, kama wanakufukuza." Wafanyabiashara wa mahindi kutoka Ntimaru wakahama na sahani zao waje upande wangu. Nami nilipita kati ya meza bila kugusa hata kijiko.

Meneja akatoka mbio. "Ameharibu sare ya hoteli!"

Kumbe kwenye meza ya pembeni alikuwa ameketi Mwenye Hoteli mwenyewe, mtu wa mwili kuliko mimi, anakunywa chai. Nikaweka sinia chini, nikasema: "Mkubwa, mimi navaa sare mbili, nakaribisha mara mbili, halafu nalipwa nusu. Hiyo imekaa aje?"

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Akamgeukia Meneja: "Mimi nikivaa hiyo saizi yako, kifungo itatoboa mtu jicho. Mama abaki mbele. Na mshahara yake isiguswe."

Achieng' alimaliza shule. Furaha ya siku ile alipomaliza siwezi kuieleza, nililia mbele ya walimu wake.

Na Meneja? Tulikuja kuwa marafiki. Alikula wet fry niliyokuwa naingia jikoni kumpikia mwenyewe, miaka mingi, na asubuhi moja akanifuata humo anashikilia koti kwa mikono miwili, vifungo vimekataa kufika, anaongea chinichini: "Mama, ile mshono yako ulifanya aje?" Nilimshonea. Sikumcheka, au nilimcheka kidogo tu.

Sasa nimestaafu, nakaa Homa Bay kwa Achieng'. Uzee umenipunguza, na sokoni wananiuliza kwa huruma kama naugua. Siku ya kuniaga nilivaa ile sare yangu, ikaning'inia kama pazia. Meneja, tumbo mbele, akanong'ona, "Mama, leta nikutafutie fundi. Atoe moja, ikukae vizuri."

"Thubutu!" nikamwambia. "Mwili uende unakotaka. Karibu zangu ni mbili."