Daktari Aliyekataza Karanga

Wagonjwa wa kliniki ya tumbo walimpachika jina la Mama Hakika, na jina lenyewe alilipata kwa jasho lake. Madaktari wengine husema "labda", "tutaona", "inategemea". Yeye hakuwa na habari na maneno hayo. Ukikaa mbele yake umeshika tumbo, anakutazama juu ya miwani, anakuambia cha kumeza na cha kuacha, na unatoka pale kifua mbele. Na nani asiyempenda daktari asiyetafuna maneno?

Ndiyo maana aliitwa kwenye kamati ya kuandika upya mwongozo wa matibabu ya tumbo. Alikwenda akidhani kazi ni kusahihisha koma. Kumbe mwenyekiti, mzee mpole wa sauti ya chini, alikuwa na utaratibu wake: kila agizo lisomwe, kisha aulize, "Tumelijuaje?" Agizo lenye tafiti kubwa nyuma yake linapewa daraja la juu. Lenye maoni ya wataalamu tu linaandikwa hivyo hivyo, bila kuona haya.

Siku moja likasomwa agizo la watu wenye vijifuko kwenye ukuta wa utumbo mpana: wasile karanga wala mbegu, zisije zikanasa humo. Mama Hakika aliinua mkono wa kuunga kabla hata swali halijaulizwa. Wakafukua. Kitabu hiki kilinukuu kile, kile kilinukuu cha zamani zaidi, na hicho cha zamani kilisema tu kwamba yaelekea zinaweza kunasa. Tafiti zilizowafuatilia walaji wa karanga hazikuona madhara hayo. Husemwa penye wengi hapaharibiki neno. Hapa wengi walikuwa wameliharibu huku wakipongezana. Agizo likafutwa, watu wakaenda kunywa chai.

Yeye alibaki kitini. Alikuwa anamfikiria baba yake.

Baba yake, seremala mstaafu, ana vijifuko hivyo. Bintiye alipomkataza karanga hakubisha. Lakini kila jioni alizoea kukaa kibarazani kwa jirani yake, fundi saa, bakuli la karanga katikati, wakiiteta dunia nzima. Kukaa mbele ya bakuli na kumeza mate si kazi ya mtu mzima. Akaanza kwenda mara moja moja, mwisho akaacha.

Na sasa mzee alikuwa na balaa jingine. Alikuwa ametapika damu. Kipimo kilionyesha kidonda cha tumbo na bakteria wanaokilea, akapewa vidonge vya wiki mbili vinavyoacha ladha ya chuma mdomoni. Maumivu yalipotulia tu, akavisukuma pembeni. Dawa hizo ndizo zilizopata daraja la juu kabisa kwenye mwongozo. Akiziachia njiani, bakteria wanabaki, tena sugu, na damu ikirudi huenda asifike hospitali.

Binti alikuwa njia panda. Akikiri kosa la karanga, mzee atasema na vidonge ni yale yale. Akinyamaza, atakuwa anamtibu baba yake kwa ujasiri ambao kamatini ulimshinda kuutetea. Alikaa garini nje ya nyumba mpaka akajionea aibu.

Alimkuta mzee uani akipiga msasa mguu wa stuli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari. Umekuja kunigombeza."

"Umeacha dawa?"

"Nimepona."

"Hujapona, baba. Mimi nakuambia, haki..." Akakwama. Akavuta kiti, akakaa. "Baba, zile karanga nilikukataza bure. Nilifundishwa hivyo, na mimi sikuuliza. Hakuna aliyewahi kuthibitisha."

Mzee akaweka msasa chini. "Na ulivyokuwa umekaza uso!"

"Nilikaza. Nisamehe, baba."

"Na hivi vidonge? Navyo mlikaa tu mkakubaliana?"

"Hapana. Hivi vimejaribiwa kwa watu wengi sana. Wengine walipewa, wengine hawakupewa, wakaangaliwa nani anatokwa damu tena. Tofauti ilikuwa kubwa. Wapo wachache wasiopona hata kwa dawa, na siwezi kukuapia kwamba wewe si mmoja wao. Lakini katika yote niliyowahi kukuambia, hili nalijua."

"Shida yako ni moja, mwanangu," mzee akasema. "Karanga ulizikataza kwa sauti hii hii. Kuvaa sweta jioni, ulinihimiza kwa sauti hii hii. Sasa mimi nitajuaje lipi la kufa na lipi la kupiga soga?"

Binti akavua miwani.

"Fundi saa alikufa akidhani nimemnunia," mzee akaendelea taratibu. "Sikumwambia ni karanga. Niliona haya, mzee mzima nakatazwa na binti yangu."

Hapo Mama Hakika akalia. Alikuwepo mazikoni, alimwona baba yake amesimama mbali na wenzake, akadhani ni uchovu.

"Haya, basi. Niletee maji," mzee akasema.

Akavimeza vidonge kimoja kimoja, uso umekunjamana. Kisha akamsogezea bintiye stuli aweke miguu.

"Sasa nitajie yote uliyonikataza," akasema. "Na kila moja uniambie mlilijuaje."

Akaanza kumtajia. Hayakuwa machache, na mara kwa mara alimtazama usoni, akasema, "Hilo sijui, baba."