Saa Iliyofunikwa Kitenge

Ukitaka kumwita Domitille usipige hodi, utachoka bure. Kanyaga sakafu. Nyumba zetu hapa Majengo ni za mbao, zimeinuliwa kidogo juu ya mawe ya volkano, na mtu akikanyaga mlangoni mtikisiko unafika mpaka chini ya cherehani. Domitille anainua kichwa, anatabasamu, anakwambia "Ingia" kwa ile sauti yake isiyojua kama inanong'ona au inapiga kelele. Mimi ni jirani yake, Wivine, mama yake Charline. Kati ya chumba changu na chake kuna ubao mmoja tu, na habari za saa yake nimechoka kuzisikia zikisimuliwa vibaya na watu ambao hawakuwepo.

Domitille Cibalonza ni mtu wa upande wa Bukavu. Alizaliwa anasikia vizuri. Alipokuwa na miaka tisa akaugua meninjiti, homa ikaondoka na masikio yake yote mawili. Baadaye akaja Goma kwa kaka yake Cédrick, akajifunza kushona, na leo nusu ya sare za shule unazoziona asubuhi barabarani kwetu zimepita mikononi mwake. Anasoma midomo ya watu. Ukitaka kumsengenya, geuka kwanza. Mimi hilo nilijifunza kwa aibu.

Huyo kaka yake ndiye aliyemnunulia saa, mwaka ambao sare zilikuwa nyingi na Domitille akawa anapitiwa na usingizi. Ni saa ndogo ya plastiki nyeupe, ya mezani, inaenea kiganjani. Muda ulioutegea ukifika inalia, na papo hapo uso wake wote unawaka mwanga wa buluu, unazima, unawaka, unazima, dakika nzima. Kelele ni zetu sisi majirani, mwanga ni wake. Aliiweka juu ya sufuria iliyopinduliwa karibu na mto, na tangu siku hiyo analalia ubavu mmoja tu, uso kwa saa, hajui tena kulala kifudifudi wala chali.

Kisha akaolewa na Wenceslas, kijana wa Butembo, dereva wa Fuso anayeleta kabichi na maharage kutoka njia ya Rutshuru. Ni mtu mpole kupita kiasi. Kila unachomwambia anasema ndiyo, na hapo ndipo matatizo yetu yalipoanzia.

Mtoto alikuja kabla ya wakati, akiwa na kilo moja na nusu. Wakampa jina Prodige. Walikaa hospitali wiki tatu, mtoto amefungwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, mpaka Jumatatu moja wakaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na kilo moja na gramu mia tisa. Muuguzi Aurélie alimshika Domitille kidevu ili aone mdomo wake, akamwambia polepole: "Kila saa tatu, muchana na usiku. Usingoje alie. Mutoto wa vile halie njaa. Nguvu ikiisha ananyamaza. Vendredi murudi kwa poids. Natafuta deux kilos." Yaani Ijumaa warudi kupima uzito, na anataka kilo mbili. Mimi nilikuwepo, nimebeba beseni. Na mama mkwe wake, Mama Kahindo, alikuwepo pia, ametoka Butembo kuja kumhudumia mzazi kama inavyotakiwa. Alisikiliza huku akitikisa kichwa.

Nisimsingizie Mama Kahindo. Alipika, alifua, alichemsha maji, mgongo wake haukupumzika. Lakini tangu siku ya kwanza hakuipenda ile saa, na hakuamini kwamba mtu asiyesikia anaweza kulea.

"Mutoto akilia, nani atasikia?" aliniuliza uani. "Ni ukuta njo utasikia?"

"Saa itamwamsha, Mama."

"Saa! Inawaka sawa radi. Miye nilizaa batoto saba, hakuna saa hata moja ilinifundisha."

Jioni ya Jumatatu hiyo nikamsikia kupitia ubao akizungumza na Wenceslas kwenye simu iliyofunguliwa spika, kwa Kinande, lugha ya kwao Butembo, amempa Domitille mgongo. Mimi Kinande nimekinyonya kwa mama yangu. Alisema hivi: Ijumaa mtoto asipofika kilo mbili, atambeba mwenyewe mpaka Butembo, kwa dada yake Wenceslas ambaye ana mtoto mchanga na maziwa tele. Na Wenceslas, ambaye Fuso yake ilikuwa imekwama kwenye matope Kalengera, akajibu kama anavyojibu siku zote. Ndiyo, Mama. Fanya vile unaona.

Nilitamani kumfuata huko Kalengera nimpige na mwiko. Barabara ile, matope, baridi ya mlimani, mtoto asiyefika kilo mbili! Nikangoja Mama Kahindo aende bombani, nikaingia, nikamweleza Domitille kila neno. Hakulia. Alitazama mdomo wangu mpaka mwisho, akachukua saa, akaitega saa tatu usiku, akaonyesha vidole vinne. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

Siku hizo sikulala vizuri, na kosa ni la saa. Ililia saa tatu, ikalia saa sita, ikalia saa tisa, ikalia saa kumi na mbili, na kila mara nilisikia kitanda chake kikiguna kabla haijamaliza dakika yake. Alikuwa akimnyonyesha, maziwa yanayobaki akiyakamua kwenye kikombe na kumpa kwa kijiko, kisha akiitega saa upya, maana inashika muda mmoja tu. Mchana alishona kidogo mtoto akiwa kifuani. Ilipofika Alhamisi macho yake yalikuwa mekundu na sindano ilimchoma mara mbili mbele yangu.

Mama Kahindo naye aliona. Alhamisi usiku, baada ya mtoto kunyonya saa sita, akamshika bega.

"Lala, mama. Usiku huu ni miye namubeba. Kifua ni kifua tu."

Domitille alisita. Kisha akaonyesha saa, akamwonyesha vidole kwamba saa tisa itawaka naye ataamka kunyonyesha. Mama Kahindo akaitikia kwa kichwa. Akamfunga mtoto kifuani, akajilaza kwenye godoro lake pale chini. Domitille akalala ubavu wake, uso kwa saa. Angeweza kukataa, na mara nyingi ameniambia kwamba alitaka kukataa. Lakini ulikuwa usiku wake wa nne, na aliyemwomba alikuwa mama wa mume wake.

Mvua ilikuja karibu saa saba. Nyinyi mnaoishi chini ya dari hamjui mvua ya Goma juu ya mabati. Nilikuwa nimelala na Charline mkono kwa mkono, alikuwa akiongea nami, niliona mdomo wake ukifunguka katika mwanga wa radi na sikusikia kitu.

Sasa, kwetu radi ikianza kila mtu anajua la kufanya. Unafunika kioo. Unapindua sahani za bati, unazima simu, unavua chochote chekundu, kwa sababu kinachong'aa kinaiita radi ndani. Mimi mwenyewe nilifunika kioo changu, sitajifanya mjanja. Mama Kahindo akaamka, mtoto kifuani, akafunika kioo, akapindua masufuria, akazima simu. Ile sufuria iliyobeba saa haikuhitaji kupinduliwa, lakini juu yake kulikuwa na kitu kinachowaka chenyewe, bila hata kuwekewa taa. Akaichukua saa, akaikunja ndani ya kitenge chake mara tatu, akaisukuma chini ya kitanda. Hakutaka kumdhuru mtu. Alimwogopea mjukuu wake. Akajiambia kwamba masikio yake yatatosha, akalala.

Domitille aliamka akiwa amelowa. Alidhani bati linavuja. Akagusa blauzi yake: ni maziwa, yamelowesha mpaka shuka, na matiti yalikuwa magumu, yanauma. Chumba giza. Akajiambia, saa haijawaka, basi saa tisa bado, na akafumba macho tena. Kila anaponisimulia, akifika hapo anasimama, anajipiga kifua, kwa sababu alifumba macho kweli. Kilichomrudisha ni yale maumivu. Akayafumbua, akaona kwenye nyufa za mbao mstari wa kijivu. Kumekucha. Akanyoosha mkono juu ya sufuria, akakuta sufuria tupu.

Mvua ilikuwa imepungua, kwa hiyo ukelele wake niliusikia. Sijawahi kusikia sauti ile kabla wala baada. Nilitoka na shuka langu kiunoni, nikamkuta ameshamtoa mtoto kifuani kwa Mama Kahindo, amemweka kwake, anampangusa midomo kwa kidole. Midomo ilikuwa mikavu. Mtoto hakuwa baridi, Mungu asifiwe, kifua cha bibi kilimtunza. Lakini alikuwa amelegea, anapewa ziwa na halishiki.

"Alilia?" nilimuuliza Mama Kahindo, na nikasahau heshima. "Alilia ao hakulia?"

"Sijui," alisema. Alikuwa ameketi kwenye godoro, mikono imebaki wazi pale mtoto alipokuwa. "Mvua... sikusikia kitu. Sikusikia."

Hakuna aliyesikia. Mimi nina masikio mawili na niko ubao mmoja kutoka pale. Usiku ule sote tulikuwa viziwi, na mmoja tu kati yetu ndiye aliyekuwa na chombo cha kumwamsha, tena kilikuwa chini ya kitanda kikiwakia kitenge.

Domitille akakamua kwenye kikombe. Nikashika kijiko, nikamwaga, akaninyang'anya. Tone la kwanza likatoka pembeni ya mdomo. La pili pia. Nikaanza Salamu Maria na sikumbuki kama nilifika mwisho. La tatu likakaa mdomoni, likakaa, tukalitazama sote watatu, kisha koo lake dogo likapanda na kushuka. Amemeza. Nililia kwa sauti, na sioni aibu. Robo saa baadaye alikuwa ameshika ziwa.

Saa mbili tulikuwa kwa muuguzi Aurélie. Mama Kahindo alitembea nyuma yetu, mfuko wake wa safari mkononi. Alikuwa ameufunga tangu jana, na nadhani hakujua afanye nini nao. Aurélie akamweka mtoto kwenye mizani, akangoja mshale utulie.

"Mille neuf cent soixante."

Kilo moja na gramu mia tisa na sitini. Ameongeza, lakini zimekosekana gramu arobaini. Nikamwangalia Domitille. Alikuwa amesoma mdomo, na mkono wake ulikuwa tayari umeshika blanketi la mtoto, umelikunja.

Aurélie akamfinya mtoto ngozi ya tumbo, akaangalia midomo, akakunja uso. "Usiku huu hakunyonya bien. Nani alilala?" Akamgeukia Domitille. "Ni weye? Nilikuambia kila saa tatu."

Domitille angeweza kusema. Sauti anayo, mikono anayo, na mimi nilikuwa pale tayari kumtafsiria kwa hasira zote za dunia. Alishusha macho tu, kama mtu aliyezoea kwamba kosa lolote litaishia kwake. Nikafungua mdomo mimi.

Mama Kahindo akanitangulia.

"Apana yeye," alisema. "Ni miye. Mutoto alikuwa kwangu. Na saa yake, miye njo niliifunika, juu ya kuogopa radi. Yeye alilala anangoja saa."

Aurélie akamtazama, akaandika kwenye karatasi, akasema warudi Jumatatu, na kwamba mtoto akiendelea hivyo hakuna shida. Mama Kahindo hakuondoka. Aliwasha simu, akampigia mwanawe pale pale. Nilingoja Kinande na mgongo. Lakini akamgeukia Domitille, akamsogelea mpaka uso ukaelekeana na uso, na akazungumza Kiswahili, polepole, akifungua mdomo wake wote ili kila neno lionekane.

"Wence. Mutoto anabakia kwa mama yake. Butembo haendi. Unasikia?"

Sijui Wenceslas alijibu nini. Ndiyo, bila shaka. Domitille alikuwa amesikia, na ndiyo iliyokuwa haja.

Jumamosi mvua ikarudi, na radi zake. Haya yaliyofuata alinisimulia Domitille mwenyewe, ambaye alikuwa macho akijifanya amelala. Mama Kahindo aliamka, akafunika kioo, akapindua sahani, akazima simu. Akafika kwenye saa akiwa ameshika kitenge kile kile. Radi ikapiga mahali karibu, nyumba ikatetemeka. Akasimama hapo muda mrefu. Kisha akaigeuza saa kidogo, uso wake umwelekee vizuri Domitille, akarudi kwenye godoro, akajifunika kitenge yeye mwenyewe, kuanzia kichwani mpaka miguuni.